Tegwen Gethin wa Waun-goch, Aliyekataa Kipepeo Wake Apewe Jina la Mwingine

Waombolezaji, majirani zetu wa Rhyd-las, na nyote mliovuka milima asubuhi hii kwenye mvua mkafika hapa kanisani Siloam, mimi ni Idwal Prytherch, mdogo wake marehemu, nimesimama kwa niaba ya familia kuwasomea maisha ya dada yangu, kazi aliyonipa mwenyewe mwezi wa Januari akiwa kitandani, aliponiambia, "Utasoma wewe, Idwal, na usinipake sukari, na yale uliyonifanyia uyaseme," nami nikamwambia watu watanicheka, akasema, "Wacheke, misiba ya kwetu imezidi kununa."

Tegwen alizaliwa tarehe 9 Februari 1944, katika nyumba ya shamba la Waun-goch, nusu maili juu ya kijiji hiki, mtoto wa kwanza kati ya wawili wa mzee Dafydd Prytherch na mama Morfudd, siku ambayo theluji ilikuwa imefunga njia, mkunga akafika kwa miguu na kumkuta mtoto ameshazaliwa na analia kwa hasira, na mama yetu alipenda kusema kwamba hasira ile haikuisha kamwe, ilikuwa ikibadilisha sababu tu.

Alianza shule ya msingi hapa Rhyd-las Septemba 1949, mwaka niliozaliwa mimi, akafaulu kwenda sekondari ya mjini mwaka 1955, na huko ndiko lilikotokea jambo la kwanza ambalo familia haijalisahau. Aprili 1957, akiwa na miaka kumi na mitatu, aliwaokota kwenye malisho yetu ya chini, yale ya chepechepe yenye mashungi ya majani, viwavi weusi wenye miiba midogo, akawafuga jikoni ndani ya ndoo aliyoifunika kwa kitambaa cha kuchujia maziwa, akiwalisha majani ya mmea ambao kwetu huitwa *tamaid y cythraul*, yaani tonge la shetani, ule unaotoa maua ya zambarau mwishoni mwa kiangazi, na mwisho wa Mei mama aliamka akakuta vipepeo zaidi ya thelathini wametanda kwenye pazia la jikoni, akakataa kulifungua mpaka wote walipokauka mabawa. Tegwen akampeleka mmoja shuleni ndani ya chupa ya jamu, mwalimu akamtazama kwa juu juu akasema huyo ni kipepeo wa lulu, wa kawaida kabisa, dada akasimama akasema, "Hapana, mwalimu, yule ana madoa meupe yanayong'aa chini ya bawa kama lulu, huyu hana, mgeuze uone," mwalimu akamwambia aketi, hakuketi, akatolewa nje akasimamishwa kwenye korido hadi kengele ya mwisho. Baba aliitwa, akamtaka mtoto aombe radhi, na Tegwen akajibu mbele ya mwalimu mkuu, "Nitaomba radhi kwa kusimama, ila si kwa kipepeo." Baba alimgombeza hadi getini, na kutoka getini hadi nyumbani alicheka njia nzima.

Masomo yake yalikatizwa Pasaka ya mwaka 1959, mama alipougua moyo na nyumba ikahitaji mikono, na hapo sisemi kwamba aliridhika, maana hakuridhika, alizifunga sare zake kwenye karatasi akaziweka juu ya kabati na hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa, akakamua ng'ombe asubuhi na jioni kwa miaka tisa, na mimi niliyekuja baada yake nikasoma hadi mwisho, kwa sababu nilikuwa mvulana.

Tarehe 6 Aprili 1968 alifunga ndoa hapa hapa Siloam na Trefor Gethin, mchimbaji wa makaa ya mawe, mtu mpole mwenye sauti nzito ya kuimba, na mwaka huo huo akaajiriwa jikoni katika shule ya msingi ya Rhyd-las, alikopika kwa miaka thelathini na sita, kwa hiyo wengi mliokaa kwenye benchi hizi mmekula supu yake ya kondoo na liki, na baadhi yenu, siwataji, mlilazimishwa kumaliza karoti. Walijaliwa mtoto mmoja, Heulwen, aliyezaliwa tarehe 30 Agosti 1971, ambaye yuko hapa mbele na mume wake na watoto wao wawili. Trefor alifariki tarehe 21 Novemba 1985, kwa vumbi la mgodi lililojaa mapafuni, na daktari wa kampuni aliandika kwamba ni sigara, ilhali Trefor hakuwahi kuvuta hata moja, na dada yangu aliirudisha karatasi ile mara nne mpaka ikaandikwa upya na neno vumbi likawemo.

Mwaka uliofuata baba naye alituacha, na wosia wake ulikuwa kama wosia wa akina baba wengi wa kwetu, ardhi yote kwa mwana wa kiume, na kwa Tegwen nyumba ndogo ya getini aishi humo maisha yake yote, yeye aliyekamua ng'ombe wale kwa miaka tisa. Nilimuuliza kama ana kinyongo, akasema, "Ninacho, lakini si juu yako, wewe hukuandika." Laiti angekuwa nacho juu yangu mapema, labda ningekuwa mtu mwangalifu zaidi.

Tangu mwaka 1972, kila Septemba, alishuka malisho ya chini na daftari la shule, akatembea mistari kutoka ukuta hadi kijito, akihesabu tando za viwavi, maana kipepeo huyu, ambaye kwa lugha yetu ni *britheg y gors*, mwenye madoadoa wa kinamasi, hutaga mayai yake kwa mafungu chini ya jani la tonge la shetani, na watoto wake husokota utando mmoja wakakaa ndani pamoja kama familia, hulala hivyo baridi yote chini kabisa ya mashungi ya majani, na jua la mwisho wa Februari likitoka nao hutoka, wakajikusanya weusi juu ya majani makavu kuota joto. Sisi wengine tuliona kinamasi. Mimi hasa niliona ekari kumi na mbili ambazo haziwezi kuotesha chochote cha kuuzika.

Sasa nafika kwenye sehemu aliyonitaka niisome bila kuipunguza. Mwaka 2002 niliacha kukamua, magoti yalikuwa yamechoka na mwanangu hakutaka shamba, mke wangu Nesta alikuwa ameshachagua nyumba ya kustaafia karibu na bahari, na kampuni moja ikaja ikitaka malisho ya chini, iyajaze kifusi ijenge maghala, nami nikakubali, sikumshauri dada yangu, nilimwambia tu siku walipokuja kupima. Kampuni ilimleta mtaalamu kutoka mjini, Bwana Fenwick, aandike kama kuna viumbe adimu, akatembea siku nzima na wavu wake, akaandika kwamba hakuna, na kwamba wale waliowahi kupigwa picha hapo miaka ya nyuma walikuwa vipepeo wa lulu, wa kawaida tu.

Tarehe 11 Septemba 2003 kamati ya ardhi ya wilaya ilikaa katika ukumbi wa kijiji, mwenyekiti akiwa Bi Rhiannedd Puw, ukumbi ukiwa umejaa, nami nimeketi mstari wa mbele pamoja na watu wa kampuni, nimevaa suti yangu ya harusi. Bwana Fenwick alipomaliza kusoma, dada yangu alisimama kule nyuma, bado na aproni ya jikoni, maana alitoka kazini moja kwa moja.

"Bwana, ulikuja kutazama lini?" akauliza.

"Tarehe ishirini na nane Julai, mama."

"Kipepeo huyu huruka kuanzia katikati ya Mei, mwisho wa Juni amekwisha. Wewe umekuja harusini meza zimeshafutwa, halafu umeandika kwamba hakukuwa na bibi harusi."

Ukumbi ulicheka, na mimi masikio yakawaka moto, nikageuka nikamwambia kwa sauti, nanyi mlionisikia siku ile mnakumbuka, "Dada, keti chini, unaniaibisha!"

Akaniangalia, akasema, "Idwal, mdudu huyu alinisimamisha kwenye korido nikiwa na miaka kumi na mitatu. Leo nina hamsini na tisa. Siketi."

Kisha akaja mbele na picha zake mbili, akazilaza kwenye meza ya kamati, akawafundisha kama alivyofundisha watoto kushika uma. Akawaonyesha kwanza rangi, kwamba kipepeo wa lulu ni wa chungwa tupu na madoa meusi, bali wetu amepangwa vipande vipande vya chungwa, maziwa na kahawia, kama kioo cha rangi cha kanisani. Akawaonyesha bawa la nyuma, lile lenye ukanda wa chungwa karibu na ukingo, na ndani ya ukanda huo safu ya vidoa vyeusi, kimoja katika kila chumba kati ya mishipa, juu na chini ya bawa. "Na mkimgeuza," akasema, "hamtaona lulu hata moja. Hana vito. Ni maskini wa kinamasi kama sisi."

Bi Puw akavua miwani akauliza, "Lakini Bi Gethin, mwenyewe umesema vipepeo wamekwisha tangu Juni. Leo utatuonyesha nini?"

"Watoto wao," akajibu. "Njia ni hiyo, na mvua ni ya bure."

Basi kamati nzima ilitoka, na nusu ya kijiji nyuma yao, watu na viatu vya ofisini, wakashuka malisho ya chini, mimi nikabaki getini na suti yangu, nikitazama kwa mbali jinsi dada yangu alivyowapanga mstari asije mtu akakanyaga. Akawaonyesha majani yenyewe, kwamba yasizidi goti wala yasipungue kifundo cha mguu, kwa sababu yakiwa marefu tonge la shetani linafunikwa, na yakiwa mafupi kama zulia basi kondoo wameshalimaliza, na kwamba maji yasipokaa ardhini mmea wenyewe unaondoka. Alimwita Bwana Fenwick, akamwambia ainame, akapanua majani kwa vidole viwili, na pale palikuwa na utando wa kijivu, mkubwa kama kiganja, na ndani yake viwavi wadogo mamia wakitembea mmoja juu ya mwingine. Bwana Fenwick alipiga magoti kwenye maji na suruali yake nzuri, akasema, "Mama, nilikosea," na kwa hilo mimi namheshimu hadi leo, maana aliandika ripoti mpya na kuitia sahihi wakati ingekuwa rahisi kwake kunyamaza. Siku ile zilihesabiwa tando themanini na nane. Tarehe 30 Oktoba kibali kilikataliwa, kampuni ikaondoka, Nesta akalia kwa ajili ya nyumba yake ya baharini, na mimi nikaacha kuzungumza na dada yangu.

Nasema wazi, miaka sita na zaidi. Nyumba yake na yangu ni hatua mia mbili. Hapa kanisani yeye alikaa kushoto na mimi kulia, tukaimba zaburi zile zile, kisha kila mtu na mlango wake, na Nesta, ambaye alikuwa na sababu kubwa zaidi ya kukasirika kuliko mimi, ndiye aliyekuwa akipeleka keki kule na kurudi na mayai. Mwaka 2004 Tegwen alistaafu, shule ikamfanyia sherehe, sikwenda. Hilo nalibeba mwenyewe.

Wakati huo ofisi ya uhifadhi, baada ya kusikia sifa za kipepeo, ilikuja ikazungusha waya malisho ya chini, ikatia kufuli, ikaandika kwamba asiingie mnyama yeyote, nao walidhani wanafanya wema. Majani yakarefuka hadi kifuani, mierebi ikaota, tonge la shetani likakosa jua. Dada aliwaandikia barua kumi na moja, wakamjibu kwa adabu kwamba wataalamu wanafuatilia. Septemba 2009 alihesabu tando tatu.

Tarehe 2 Machi 2010, saa tatu asubuhi, mlango wangu uligongwa, nikafungua, nikamkuta amesimama na fimbo.

"Nimekuja kuomba ng'ombe," akasema.

"Ng'ombe?"

"Wale weusi. Kumi wanatosha. Kondoo wako sitaki, wanakula mpaka mzizi."

"Tegwen, miaka sita hujanipa hata habari za asubuhi!"

"Habari za asubuhi, Idwal. Sasa nipe ng'ombe."

Sijui nilicheka au nililia, Nesta anasema vyote viwili. Mwezi wa Mei, majani mapya yalipotoka, nilichukua koleo la kukatia chuma, nikakata kufuli ya serikali mbele ya macho yake, nikawaingiza ng'ombe kumi na mmoja, mmoja wa ziada kwa ukaidi wangu mwenyewe. Siku ya nne akaja kijana wa ofisi, amefadhaika, akasema, "Mama, hii ni kuvunja sheria, mnyama haruhusiwi humu." Dada akamwambia, "Aliyeiandika sheria hiyo anakula majani? Basi ng'ombe wangu anayajua zaidi yake." Kijana akatishia kuita polisi, dada akamwambia aite, ila kabla hawajafika aingie ndani asome, akamwekea mezani madaftari thelathini na nane, kila mwaka na hesabu yake, kila mwaka na urefu wa majani na idadi ya ng'ombe waliokuwemo, akamwambia chai iko jikoni ajihudumie. Yule kijana alisoma mpaka alasiri. Polisi hawakuitwa. Mwaka 2011 ofisi ilitoa mpango mpya, ng'ombe wachache, Mei hadi Oktoba, mierebi ikatwe, na nakala ya kwanza ilimfikia Tegwen, naye akaisahihisha kwa kalamu nyekundu akairudisha.

Mwaka 2016 tando zilifika sitini na moja, na watu wakaanza kuja kila Mei na darubini zao, wengine kutoka mbali, naye aliwapokea, akawauliza kwanza kama wanajua kutofautisha, aliyesema anajua akafanyiwa mtihani.

Kuhusu ugonjwa wake, Juni 2018 madaktari walimwona na ugonjwa wa kutetemeka, uitwao Pakinsoni, akaambiwa asitembee malishoni peke yake asije akaanguka, akamwambia daktari, "Basi nipe mtu wa kuanguka naye," na mtu huyo nikawa mimi, na tulianguka, mara tatu. Septemba 2022 hakuweza tena kusimama wala kushika kalamu, nikamfunga kwa mablanketi kwenye tela nyuma ya trekta ndogo, akawa anaelekeza kutoka juu huku mimi na magoti yangu ya miaka sabini na tatu natambaa kwenye maji, nikisema idadi kwa sauti na Heulwen akiandika, na kila nilipopita haraka alipiga kelele, "Rudi, Idwal, umeruka mmoja!" na kweli nilikuwa nimeruka. Tulipata mia moja na kumi na mbili.

Tarehe 2 Machi mwaka huu jua lilitoka baada ya majuma matatu ya mawingu. Alikuwa hali chakula tena, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Wametoka?" Nikashuka, nikarudi, nikamwambia wametoka, wanaota jua. Akauliza, "Makundi mangapi?" Nikasema sikuhesabu. Akasema, "Basi rudi." Nikarudi, nikahesabu makundi kumi na tisa, nikaja nikamwambia, akafumba macho, na hakusema neno jingine. Alifariki kesho yake, Ijumaa tarehe 3 Machi 2023, saa nne na dakika arobaini asubuhi, nyumbani kwake getini, mkono wake ukiwa mkononi mwa binti yake, akiwa na umri wa miaka sabini na tisa.

Kwa niaba ya familia namshukuru Daktari Angharad Llwyd na wauguzi wa zahanati waliopanda mlima ule kila siku hata kwenye barafu, nawashukuru majirani mliokamua, mliopika na mliofunga mageti yetu majuma haya mawili, nawashukuru wenzake wa jiko la shule, waliopika chakula mtakachokula baada ya mazishi, na kijana wa ofisi, ambaye sasa ana mvi, aliyeomba kuwa miongoni mwa wabebaji wa jeneza, nasi tumemkubalia.

Nina neno moja la mwisho, halimo kwenye karatasi aliyoipitia yeye. Siku ya Jumatatu, mwili wa dada yangu ukiwa bado chumbani, nilipigiwa simu na bwana mmoja, akanipa pole, akaniuliza kwa upole mwingi kama sasa, kwa kuwa mambo yamebadilika, familia iko tayari kuzungumzia malisho ya chini. Bwana huyo, nimeambiwa yuko humu, basi asikie mbele ya mashahidi. Siku ya Jumatano mimi na Heulwen tulikwenda kwa wakili tukatia sahihi, ardhi ile isichimbwe mtaro, isipigwe plau, isimwagiwe zege, nikiwa hai na nikiwa nimekufa, na jina lililoandikwa juu ya hati si Prytherch, ni la yule ambaye wosia wa baba ulimruka. Imeandikwa Malisho ya Tegwen. Karibu chai, bwana, kisha safari njema.

Dada, umesimama vya kutosha. Sasa pumzika kwa amani, sisi tumesimama.